Saini ya Mkwe Wangu

2 Machi

Daktari wa presha ameniambia niandike kinachonisumbua badala ya kukitafuna. Nikamwambia kuandika ndiyo kazi yangu. Akasema niandike ya kwangu, si ya benki. Sawa. Ila alilisema hilo huku akichungulia saa, kwa hiyo sijui kama ni dawa au ilikuwa njia ya kunitoa chumbani.

Basi ya kwangu ni haya. Ni mjane. Nina binti mmoja, ameolewa, ana mimba ya miezi saba. Nina mkwe. Sijamchukia, ila sijamwelewa, na mtu nisiyemwelewa huwa simwachii mkoba wangu.

Kazini nakagua karatasi za watu wanaouza bidhaa ng'ambo. Mfanyabiashara anasafirisha magunia; benki ya mnunuzi imetoa barua ya dhamana kwamba italipa, mradi karatasi za mzigo zifuate masharti neno kwa neno. Mimi ndiye ninayeyatazama hayo maneno. Nikikuta kasoro, hakuna malipo. Ofisini wananiita Darubini, na wanadhani sijui.

7 Machi

Mvua ya kwanza. Paa la jikoni limevuja palepale fundi alipoapa halitavuja tena.

11 Machi

Nimekwenda kumwona binti yangu. Miguu imemvimba lakini mdomo uko palepale, anacheka, anasema mtoto anapiga teke kila akisikia sauti yangu. Nikamwambia ana akili, ameanza kunikwepa mapema.

Mkwe alirudi nikiwa bado niko. "Shikamoo mama," akasema akiviangalia viatu vyangu. Nikaitikia. Akapita kando ya ukuta kama anayekwepa deni, akaingia ndani, hakutoka tena. Anafanya kazi kwa wakala wa meli, mezani pa hati za shehena. Hizo hati zikitoka kwake huja kwangu, kwa hiyo saini yake naiona mara nyingi kuliko uso wake.

Jikoni kuna friji mpya. Kubwa, milango miwili. Nikauliza imetoka wapi. Binti yangu akasema, "Mama, imetoka dukani." Mshahara wa mezani pale kwa wakala naujua. Nimekunywa maji nikaaga.

14 Machi

Mvua kutwa. Karatasi zote zinajikunja pembe.

20 Machi

Leo ameingia Msafi, muuza ufuta. Tumempa jina hilo kwa sababu huvaa nyeupe hata siku za matope, na matope hayamgusi. Alileta karatasi za shehena yake ya kwanza ya msimu. "Mama yangu," akaniambia, "zimekamilika hizo, we piga muhuri tu." Mtu akiniambia karatasi zimekamilika, navaa miwani ya pili.

Barua ya dhamana inataka ufuta uwe umepakiwa melini si zaidi ya tarehe 15. Hati ya shehena, ambayo wakala wa meli huitoa kuonyesha mzigo umepakiwa, ilikuwa imechapwa tarehe 18. Ile 18 imekatwa kwa mstari, juu yake pameandikwa 14. Kando yake kuna muhuri wa masahihisho na saini. Saini hiyo naijua, iko hata kwenye cheti cha ndoa cha binti yangu.

Kusahihisha si dhambi. Wachapaji hukosea, na tarehe hukosewa kuliko kitu kingine chochote. Lakini hati ya shehena ikisahihishwa, aliyesahihisha sharti aseme amefanya hivyo kama nani. Atie muhuri, atie saini, na chini ya saini aandike "kama wakala wa mwenye meli". Bila maneno hayo, sahihisho halina mwenyewe, na benki inakataa. Mkwe wangu hakuyaandika.

Utaratibu ni mmoja tu. Naandika notisi ya kukataa, nataja kasoro, Msafi anaibeba mpaka kwa wakala, na meneja wa wakala anauliza ni mzembe gani amewatia aibu. Nikaitazama ile saini muda mrefu. Nikamfikiria binti yangu na miguu yake.

Nikamwita Msafi pembeni, nikamwambia arudi kwa wakala, waongeze maneno chini ya saini, nikamtajia ni maneno gani. Akaniinamia. "Mama, Mungu akuweke." Sikupenda alivyofurahi.

21 Machi

Imerudi. Maneno yapo. Karatasi sasa haina kasoro, na benki hushughulika na karatasi, haishughuliki na magunia. Imelipwa.

27 Machi

Mvua tangu usiku. Nimechelewa kazini, na mkuu wa kitengo, ambaye nilimfundisha mimi kushika kalamu ya ukaguzi, amenitazama kisha akatazama saa ya ukutani. Kijana akipata kiti huanza na shingo.

1 Aprili

Jirani yangu wa meza tunamwita Redio kwa sababu haizimwi. Shemeji yake ni mpakizi bandarini. Leo ametangaza kwamba wapakizi wamekaa bure wiki yote, wanacheza karata. "Magunia hayapakiwi mvuani, dada. Wakiona wingu tu, wanafunga milango ya ngama, kule tumboni mwa meli. Ufuta ukilowa unaota ukungu, nani atakubali lawama?"

Nikamuuliza na mwezi uliopita, katikati ya mwezi, walipakia? Akacheka. "Katikati ya mwezi ndiyo ilikuwa balaa! Siku tatu meli imefungwa kama duka la marehemu."

Nimerudi kuusoma mstari wangu wa tarehe 14 Machi hapo juu. Mvua kutwa. Sikuwa nimeandika kwa nia yoyote. Lakini ufuta wa Msafi, kwa mujibu wa sahihisho la mkwe wangu, ulipakiwa siku hiyo.

2 Aprili

Sikulala vizuri. Friji ile ina milango miwili.

6 Aprili

Shehena ya pili ya Msafi. Safari hii amekuja mwenyewe mpaka mezani pangu, hakupitia dirishani. Masharti yanasema mwisho ni tarehe 30 Machi. Hati imechapwa tarehe 3 Aprili, ikakatwa, ikaandikwa 29 Machi. Muhuri upo, saini ya mkwe ipo, na chini ya saini hamna kitu.

Tarehe 29 ilinyesha. Sihitaji Redio, nilirudi nyumbani viatu mkononi.

Sasa nimeuona mchezo. Meli ikichelewa, wanairudisha tarehe nyuma ili barua ya dhamana isimfie Msafi mkononi. Tajiri anatoa chochote, mkwe wangu anatia muhuri. Na ni mzembe hata katika wizi, anasahau maneno yaleyale mara mbili. Ndivyo nilivyowaza, na niliwaza kwa hasira, na ndani ya hasira mlikuwa na utamu kidogo. Siku zote nilisema kijana huyu ana jambo. Nani alinisikia?

Kanuni hazinipi nafasi ya kuikataa hati kwa sababu ya mvua. Mvua haimo kwenye karatasi. Zinanipa nafasi ya kuikataa kwa sababu ya maneno yaliyokosekana, na nafasi hiyo ilikuwa wazi mbele yangu. Nikashika kalamu. Kisha nikaona notisi ikifika kwa meneja wa wakala, meneja akilichunguza jambo, polisi wakigonga mlango wenye friji mpya, na binti yangu mwenye mimba ya miezi minane akifungua.

Nikamwambia Msafi, "Maneno yaleyale ya siku ile." Akaelewa kabla sijamaliza.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Naijua methali hiyo, nimewasomea wenzangu mara nyingi.

7 Aprili

Imerudi, imekamilika. Imelipwa. Wino wa maneno ni wa bluu, wa saini ni mweusi. Hata kalamu moja hawana.

10 Aprili

Nimeharibu. Nilikwenda kwa binti yangu na matunda, nikiwa nimeapa sitasema kitu. Mkwe hayuko, jioni imeshaingia. Nikauliza yuko wapi. Kazini. Anarudi saa ngapi siku hizi? Anachelewa, mama, msimu wa meli. Ana simu ngapi? Hapo akaweka kisu chini.

"Mama, unataka kusema nini?"

"Nauliza tu."

"Hujawahi kuuliza tu tangu nizaliwe."

Nikasema friji. Nikasema mtu akianza kuruka hatua, ujue kuna anayembeba. Nikasema awe macho na mumewe, kikulacho ki nguoni mwako. Binti yangu akanisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya tumbo, kimya. Nilimzaa mwenye kelele, sikujua ana kimya cha namna hiyo.

"Friji ni ya mkopo wa kazini," akasema. "Wanamkata kila mwezi. Aliichukua kwa sababu daktari alisema maziwa ya mtoto yahifadhiwe, na mimi nitarudi kazini mapema. Hakutaka nikuambie kwa sababu alijua utauliza masharti ya mkopo." Akanyanyuka kwa shida. "Mume wangu si hati, mama. Usimkague. Na usije tena mpaka nikuite."

Matunda nimerudi nayo. Yako hapa mezani.

11 Aprili

Hapokei simu.

13 Aprili

Hapokei. Mvua.

16 Aprili

Mkopo wa kazini! Na nani anapewa mkopo wa kazini ila aliyempendeza meneja? Hapana. Daktari alisema niandike, hakusema niendelee kuchimba. Lakini siwezi kuzuia.

19 Aprili

Karatasi za yule mama muuza ngozi. Mwanamke mwenye heshima zake, hana maneno mengi. Hati yake ya shehena ina masahihisho mawili, jina la meli lilikosewa herufi na uzito ulikosewa. Yote mawili yamesahihishwa na mkwe wangu. Muhuri, saini, na chini ya kila saini, kwa mwandiko uliosimama wima, "kama wakala wa mwenye meli". Pia ameandika jina lake kwa urefu, jambo ambalo hakuna anayemdai.

Kumbe anajua kazi. Kwa mama wa ngozi anatulia, kwa Msafi anaharakisha. Bila shaka kwa sababu Msafi ameshalipa na anangoja mlangoni.

24 Aprili

Benki ya mnunuzi wa Msafi imeandika. Ufuta wa shehena ya kwanza umefika umechelewa, bei imeshaanguka, mnunuzi amepata taarifa kutoka melini kwamba tarehe 14 milango ilikuwa imefungwa kutwa. Wanataka maelezo.

Mkuu ameisoma barua amesimama. Akaniuliza, "Mama, hati ilikuwa safi?" Nikasema ilipokuwa inalipwa ilikuwa safi. Akapumua. Hakuuliza ilikuwaje ilipokuja, na mimi sikusema.

27 Aprili

Nitaandika yote hata kama mkono utauma.

Asubuhi imekuja shehena ya tatu. Msafi hakuja, kamtuma dereva. Mchezo uleule. Tarehe imekatwa, imerudishwa nyuma, muhuri, saini. Chini ya saini patupu.

Nilikuwa nimeshaanza kutikisa kichwa kwa uzembe wa kijana huyu nikakumbuka mwandiko uliosimama wima wa karatasi za ngozi. Nikavuta majalada ya miezi miwili. Nikatoa nakala za hati zote zilizopita kwa saini yake: ngozi, kunde, mbao, ngozi tena. Kila sahihisho lina maneno. Nikatoa zile mbili za Msafi. Maneno yapo, kwa wino wa bluu, na mwandiko umelala upande. Mkwe wangu haandiki hivyo. Nilikuwa nimeiona tofauti hiyo tangu mwanzo, nikaidharau, nikaiita ukosefu wa kalamu.

Mtu mzembe husahau huku na kule. Huyu alisahau kwa mteja mmoja tu, jambo lilelile, mara tatu, ya pili na ya tatu akiwa ameshaambiwa. Huko si kusahau.

Nikaomba ruhusa ya chakula cha mchana, nikatembea mpaka kwa wakala wa meli. Sijawahi kukanyaga pale. Mlinzi akamwita. Akashuka mbio, nadhani aliwaza ni uchungu umeanza. Tukasimama chini ya ngazi, mahali wanapoweka mifagio.

"Shikamoo mama. Kuna nini? Yuko wapi?"

"Yuko salama. Nataka unijibu kitu kimoja. Kwa nini karatasi za Msafi unaziacha nusu?"

Akasogeza mfagio mmoja kwa mguu. Kisha akafanya kitu ambacho hajakifanya tangu aje kuposa, akanitazama usoni. Ana macho ya mtu asiyelala.

"Nilidhani mama amejua. Tangu ile ya kwanza."

"Nimejua nini?"

"Kwamba ni ya kukataa."

Akatazama juu ya ngazi, akashusha sauti. "Meneja anakuja anasimama nyuma ya kiti changu. Anasema, kata hiyo, andika hii, tia muhuri. Nikisema hapana, jioni hiyohiyo kiti kina mtu mwingine, na nyumbani hali mama unaijua. Nikawaza, hizi karatasi zinakwenda kwa mama. Mjini hapa kila mtu anajua mama haachi kitu. Niache yale maneno. Mama ataona hayapo, ataandika notisi, benki itakataa, na hakuna atakayesema ni mimi niliyefichua. Itakuwa kasoro ndogo tu ya karatasi."

"Na nikazirudisha."

"Zikarudi. Msafi akaja anacheka, akamwambia meneja, mama mkwe wa kijana wako ametuambia cha kuongeza. Meneja akachukua kalamu akaandika mwenyewe." "Nikadhani pengine maana ya ile ya kwanza ilikupita tu. Nikaacha tena ya pili. Ikarudi tena. Nikasema basi, labda mama naye..." Akakatiza.

"Labda mama naye yumo."

"Nisamehe mama."

Nilitaka kucheka. Wiki zote hizi namshuku yeye, na yeye ananishuku mimi, na katikati yetu yumo binti yangu na tumbo lake, hajui hili wala lile.

"Ungeniambia!" nikasema. "Una mdomo!"

"Ningeanzaje, mama? Nije nyumbani kwa mama mkwe, nikae, niseme mimi natia saini uongo?" Kisha akasema, polepole, "Na nusu saini ni saini. Hilo nalijua. Sijitakasi."

Nimerudi kazini na mvua, mwavuli niliuacha kwenye mifagio. Nimeona aibu ambayo sina dawa yake. Kijana alikuwa na mtu mmoja tu wa kumtegemea, naye ni mimi. Alitegemea ubaya wangu, ule ambao kila mtu anaulalamikia, na siku hiyo moja nikaamua kuwa mwema.

28 Aprili

Nimeandika notisi ya kukataa. Sahihisho la tarehe ya kupakia halikuthibitishwa na mwenye mamlaka. Nimetia saini yangu na jina kwa urefu.

Mkuu alinifuata mpaka mezani. "Mama, kwani huwezi kuirudisha kimyakimya kama ulivyozoea?"

Kumbe alijua. Bila shaka alijua, na mimi nilijiona mjanja.

"Siwezi."

"Utaulizwa kwa nini mbili zilipita na ya tatu imekwama."

"Nijibu nini wakiniuliza?"

Akageuka, akarudi ofisini kwake. Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa amezimwa.

29 Aprili

Msafi amepiga simu kwa Mkuu wa Mkuu. Nimesikia sauti yake mpaka nje ya mlango, na leo haikuwa safi.

3 Mei

Mjukuu. Mwanamume. Mkwe alinipigia mwenyewe, "Mama, njoo," akakata. Nilikwenda na kandambili. Binti yangu alikuwa amechoka, amevimba uso, amependeza. Akanipa mkono niushike. "Leo usiulize kitu, mama," akasema. Sikuuliza. Nimembeba mtoto, mzito, amekunja ngumi.

Mkwe alikuwa amesimama dirishani. Alipotoka kunisindikiza ukumbini akaniambia wamemsimamisha kazi asubuhi hiyohiyo. Meneja amewaambia wachunguzi wa benki kwamba kijana alishirikiana na tajiri peke yake, na kwamba yeye hakujua lolote. "Yeye hajui," akasema, akionyesha mlango wa wodi kwa kidevu. "Naomba mama usimwambie kwa sasa."

Nikamwahidi. Ni ahadi ya kwanza kati yetu.

8 Mei

Jua. Nguo zimekauka kwa saa mbili.

12 Mei

Leo walituita benki, mimi na mkwe, saa mbalimbali, lakini tukakutana kwenye benchi la nje kwa sababu hakuna aliyejali saa.

Wachunguzi walikuwa watatu mezani, pamoja na Mkuu, aliyekaa pembeni akichezea kifuniko cha kalamu. Walikuwa wametandaza hati mbili za kwanza na barua za meneja wa wakala. Mkubwa wao, kijana mwenye sauti ya upole, akaniambia hawana ugomvi na mimi. Karatasi zilikuja zimekamilika, benki ikalipa kwa kanuni. Kilichobaki ni yule wa wakala. Muhuri wake, saini yake, maneno yake, kila kitu kimethibitishwa kikamilifu. Mtu hakamilishi uongo namna hii kwa bahati mbaya, akasema. Ilikuwa ni kesi ya kupeleka mbele.

Akanisogezea karatasi ya maelezo yaliyoandikwa tayari. Nilitakiwa kusema tu kwamba hati hizo zilinifikia hivyo. Nitie saini, nirudi mezani pangu, na mwakani nistaafu na kiinua mgongo changu.

Naapa, nilifikiri. Nitadanganya nikisema sikufikiri. Nilikuwa na miaka mingi ya kukagua uongo wa wengine, na huu wangu ulikuwa mfupi, umechapwa vizuri.

"Hazikunifikia hivi," nikasema.

Kifuniko cha kalamu cha Mkuu kikaanguka.

"Zilikuja nusu. Saini bila maneno. Kijana aliziacha makusudi ili nizikatae, kwa sababu alikuwa ameamriwa kuandika tarehe ya uongo na hakuwa na njia nyingine ya kukataa. Kazi yangu ilikuwa kuandika notisi. Sikuandika. Niliyaomba hayo maneno mimi, kwa mdomo wangu, mara mbili. Nilidhani namwokoa binti yangu. Maneno ya bluu hayajaandikwa na kijana, barua za meneja wake mnazo hapo mezani, linganisheni mwandiko."

"Una ushahidi kwamba ulimwambia Msafi?"

"Sina. Ndiyo maana nawaambia."

"Mama," akasema yule mpole, "unaelewa unajiweka wapi?"

"Najua kusoma, mwanangu. Andika."

Akaandika. Alipomaliza nikaisoma yote, nikakuta amekosea tarehe ya shehena ya pili. Nikaikata, nikaandika iliyo sahihi, nikatia saini kando na chini yake nikaandika mimi ni nani. Wakaniambia nisirudi kazini mpaka waniite, na kwamba kiinua mgongo changu kitasubiri hapo kilipo. Mkuu hakuniaga.

Nilipotoka wakamwita mkwe. Nikamngoja, ingawa hakuna aliyeniambia nimngoje. Alikaa ndani kitambo. Kisha akatoka, akaketi upande wa pili wa benchi, akiacha nafasi kubwa kati yetu kama inavyopasa.

"Wamesema nirudi nyumbani," akasema. "Wanamwita meneja kesho." Akatazama sakafu. "Wamenisomea aliyosema mama."

"Ee."

"Mama hakuwa na haja."

"Usinipangie haja zangu."

Akaanza kulia. Mtu mzima, mabega yanatikisika, bila sauti, huku watu wanapita na mafaili. Mimi machozi ya wanaume siyajui, marehemu mume wangu hakuwahi kunionyesha yake. Nikasogea kwenye ile nafasi mpaka nikamfikia, nikamshika mkono, na hakuutoa.

Alipotulia akauliza binti yangu ataambiwa nini. Nikamwambia twende sasa hivi, nitamwambia mwenyewe, yote, tangu tarehe 20 Machi, na anifukuze tena akitaka. Yeye amshike mtoto tu, asiseme neno. Alishasema mara tatu, kwa nafasi tupu chini ya saini yake, na aliyekuwa hasikii ni mimi.